Sakafu ndiyo iliyopanda

Nyumba mbili za Magomeni Suna, Dar es Salaam, zilizopakana ukuta kwa ukuta, zilinitesa wiki nzima. Kazi yangu ilikuwa kupima maji ya mafuriko yalifika kimo gani ukutani. Ya kwanza niliandika sentimita 112, ya pili 150. Mafuriko ni yale yale ya Desemba 2011, na alama ya tope nimeiona mwenyewe kwenye nyumba zote mbili. Nikajua tu mmoja kati ya hawa wenye nyumba ananizunguka. Na kwa kuwa msimamizi alizitaka takwimu jioni ile, nikajumlisha, nikagawa kwa mbili, nikatuma 131.

Siku ya pili nikapita tena mtaani. Bibi mwenye nyumba ya kwanza alikuwa barazani anachambua mchele, ungo magotini. Nikaamkia, akaitikia, akanisogezea kigoda. Nikamwambia bibi, jirani yako anasema maji yalimfika kifuani, wewe umenionyesha ya kiunoni, sasa nimwamini nani? Hakuinua hata macho kutoka kwenye ungo.

"Mjukuu wangu, maji hayapandi ngazi. Sakafu ndiyo iliyopanda."

Akaniingiza ndani. Baada ya mvua za El Nino za 1998, marehemu mumewe aliongeza kozi moja ya tofali, akamwaga zege juu ya zege. Baada ya 2011 wanawe wakajaza kifusi, wakamwaga nyingine. Safari hiyo jirani hakuwa na hela, sakafu yake ilibaki ile ile. Alama niliyoipima kwa bibi niliipima kutoka sakafu ya juu, ya jirani kutoka sakafu ya zamani. Nikamuuliza, na ya 1998 ilifika wapi? "Hiyo umeikanyaga," akasema. Nikaangalia viatu vyangu.

Kesho yake nikamwomba fundi mmoja wa pale pale mtaani atupimie kwa mpira wa maji, ule mpira mweupe unaoonyesha ndani ambao mafundi hupimia leveli ya msingi. Ncha moja akaishika yeye kwenye alama ya bibi, nyuma ya mlango wa chumba cha uani, ncha nyingine nikaishika mimi kwa jirani. Maji ya mpirani yalipotulia, alama mbili zikawa zimepishana kwa upana wa vidole viwili. Watu hawa hawakuwa wamedanganya hata kidogo. Aliyedanganya ni mimi, na 131 yangu ilikuwa imeshaingia kwenye kompyuta ya mtu.

Nyakati hizo, mwaka 2017, vijana wenye simu mkononi wakihesabu nyumba na mitaro hawakuwa kitu kigeni Dar. Ramani Huria ilikuwa imeanza 2015, wanafunzi wa vyuo na wenyeji wakichora mitaa ambayo kwenye ramani za zamani ilikuwa doa la kijivu tu. Mimi nilikuwa kwenye kazi nyingine ndogo ya namna hiyo, mafunzo kwa vitendo, posho ya nauli na chakula cha mchana. Tulitakiwa kujua, kwa kila nyumba ya bondeni, maji ya 2011 yalifika wapi. Kwa asiyekuwepo: Desemba 20 mwaka ule ilianza mvua ambayo Dar haikuwa imeiona mfano wake tangu 1954. Watu zaidi ya 40 walikufa, na baadhi ya familia za mabondeni zikagawiwa viwanja Mabwepande, huko juu kuelekea Bunju. Wapo waliokwenda wakakaa. Wapo waliouza wakarudi, kwa sababu kazi zao zilikuwa Kariakoo na nauli ni nauli.

Darasani tulifundishwa kwamba kutathmini hatari ni kujibu maswali matatu. Maji, au tope, au upepo, yanaweza kufika wapi na kwa nguvu gani? Nani yupo hapo? Na huyo aliyepo, yakimfikia, atafanya nini? Pasipo na mtu hakuna maafa. Mto ukifurika porini ni mto unaofanya kazi yake. Ukiyasikia unaona mepesi. Kuna hata programu, InaSAFE, iliyoanzia Indonesia kwa msaada wa Australia na Benki ya Dunia: unailisha ramani ya mafuriko na ramani ya majengo au ya watu, nayo inakutolea idadi ya watakaoathirika, mpaka kiasi cha mchele na maji ya kunywa watakachohitaji. Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani kazi imekwisha, kilichobaki ni sisi kwenda kunywa soda.

Swali la kwanza ndilo lililotupa raha, kwa sababu lina vifaa. Na kusema kweli, Msimbazi ukishauelewa si mto wa ajabu. Maji yake yanatoka vilima vya Pugu, yanakusanya vijito njiani, yanashuka mpaka Jangwani na kuingia baharini pale Daraja la Selander. Tuliyafahamu haya kwenye karatasi. Mjumbe wa Suna aliyafahamu kwa namna nyingine. "Msiangalie mawingu ya hapa," alituambia. "Ikinyesha Pugu, hapa tunaanika nguo, jua kali. Baada ya saa chache unasikia watoto wanapiga kelele." Halafu akauliza kitu ambacho hakikuwa kwenye fomu yetu: mmeangalia kalenda ya bahari? Kwa sababu mvua ikikutana na bamvua, mto unafika mdomoni unakuta bahari imejaa, hauna pa kwenda, unarudi kwa watu. Mvua hiyo hiyo ikija wakati wa maji mafu, bahari isipojaa sana, inapita na kukuachia tope la kufagia tu. Mzee hakuwa na shahada ya haidrolojia. Alikuwa na mkwe mvuvi.

Tukaongeza safu ya bamvua. Tukaongeza mchanga pia, maana kitanda cha mto kinapanda mwaka hadi mwaka kwa mchanga unaoletwa kutoka juu, na mto wenye kitanda kilichopanda unafurika kwa mvua ambayo zamani ingepita salama. Kwa hiyo mto nao ulikuwa na sakafu yake, na hiyo nayo ilikuwa imepanda.

Swali la pili ndilo lililonivua nguo.

Njia tuliyoitumia kuhesabu watu ilikuwa hii: chukua idadi ya watu wa kata kwenye sensa ya 2012, gawanya kwa idadi ya majengo tuliyoyachora, kila paa lipewe wastani wake. Njia inayokubalika, inatumika duniani kote, na kwa ramani ya mkoa mzima inatosha. Lakini mimi nilikuwa nimeshaingia kwenye zile nyumba. Nyumba ya bibi ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya kawaida, korido katikati, vyumba vitatu huku vitatu kule, uani viwili na choo. Kwenye ramani ni mstatili mmoja, sawa kabisa na stoo ya mbao iliyokuwa nyuma yake. Nilikaa na bibi tukahesabu chumba kwa chumba. Chumba cha kwanza mtu na mkewe na watoto watatu. Cha pili wauza mitumba wanne, wanalala kwa zamu. Cha tatu kijana wa bodaboda. Tulipomaliza walikuwa 23, na bibi akasema ngoja, kuna binti wa kazi nimemsahau. 24. Stoo ya mbao ilikuwa na mlinzi mmoja, naye analala mchana.

Tazama ilivyokuwa. Kompyuta iliwagawa watu hawa sawasawa kama kadi za arubastini, nusu nyumbani kwa bibi, nusu kwenye mbao. Sasa jumla ya kata nzima ilitoka vizuri, hakuna aliyepotea. Lakini mafuriko hayaji kwa kata. Yanakuja kwa kichochoro.

Na sensa yenyewe, niliposoma vizuri, ikanipa kingine. Sensa zetu huuliza nani alilala hapa usiku wa kuamkia siku ya kuhesabiwa. Ya 2012 ilikuwa Agosti 26. Ya 2022 ilikuwa Agosti 23. Agosti! Kiangazi, bonde ni kavu, kodi ni rahisi, vyumba vimejaa. Aprili, katikati ya masika, bonde lile lina watu wengine kabisa: wenye ndugu Mbagala wameshapeleka watoto huko, wenye hela wamehama, na waliobaki ni wale ambao hawana pengine. Si wachache tu kuliko wa Agosti. Ni wanyonge zaidi. Ukihesabu Agosti unapata idadi kubwa ya watu wenye nguvu, wakati mvua inawakuta watu wachache wasio na nguvu. Sikulisoma hilo popote. Nililiona kwa sababu nilirudi Machi kumalizia fomu na nusu ya niliowaandika hawakuwepo.

Wapangaji wapya niliowakuta kwenye baadhi ya vyumba vyao ndio walionifundisha kitu kikubwa kuliko vyote, na walinifundisha kwa kutojua. Nilibisha hodi chumba kimoja cha nyumba ya jirani, dada wa watu katoka, mtoto mgongoni. Nikamuuliza maji ya 2011 yalifika wapi. "Maji gani?" Alikuwa ametoka Singida, ana miezi miwili pale. Kalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kwa sababu chumba kilikuwa nafuu, kisafi, kimepakwa rangi upya.

Nikakitazama chumba. Kweli, chokaa ilikuwa mpya, nyeupe pe. Nilikuwa nimeingia chumba hicho hicho miezi kadhaa nyuma na kupima ile 150. Alama haikuwepo tena.

Sitaki kuwasema vibaya wenye nyumba. Jirani yule alikuwa mjane, vyumba ndiyo pensheni yake, na nani atapanga chumba chenye mstari wa tope kifuani? Lakini kuanzia siku ile kila nikiona chokaa mpya bondeni baada ya masika najiuliza inafunika nini. Mwenye nyumba anajua maji, na mara nyingi haishi pale tena, anaishi Goba. Anayelala pale hajui. Kumbukumbu ya mafuriko ipo, ila imehama pamoja na mwenye nacho.

Kwenye fomu kulikuwa na swali, "Umeishi hapa kwa muda gani?" Watu walijibu mwaka, miaka miwili, tangu nizaliwe. Nikalifuta kwa kalamu kwenye nakala zangu nikaandika: "Masika ngapi umelala hapa?" Majibu yakabadilika. Mtu wa "mwaka mzima" akawa sifuri, kwa sababu alihamia Juni, na Machi alikuwa msibani kwao. Msimamizi alinifokea kwa kuharibu fomu. Kila kazi niliyofanya baadaye nimeliingiza swali hilo, na mpaka leo sijapata linalonionyesha haraka zaidi nani atashtuka usiku asijue pa kukimbilia.

Swali la tatu sasa, mtu atafanya nini. Hapa vitabu vinakupa viwango. Maji yanayokimbia yakifika sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Mita moja ya ujazo ya maji ni tani nzima, wala usishangae. Ile 112 ya nyumbani kwa bibi, kwangu mimi ni juu kidogo ya kiuno. Kwa mtoto wa miaka minne ni juu ya utosi. Namba moja, chumba kimoja, mmoja analowa mwingine anakufa. Na hapo sijagusa nyaya za umeme zilizoungwa kwa gundi ya nailoni, wala vyoo vya shimo vinavyofumuka, wala kipindupindu kinachofuata maji yakishaondoka, ambacho huko nyuma hakikuwa kwenye hesabu yetu kabisa kwa sababu eti ni kazi ya watu wa afya.

Lakini kuna jambo ambalo hakuna kiwango chake. Nilimuuliza baba mmoja, seremala, kwa nini 2011 alibaki juu ya bati mpaka asubuhi wakati mke na watoto walishavuka. Alinitazama kama mtu mwenye akili pungufu. "Vibaka," akasema. Randa, misumeno, friji ya kukopa. Wanaume wengi wa mtaa ule walibaki kwa sababu hiyo. Tukiwa tumekaa mezani na modeli zetu tulikuwa tumeandika kwamba watu wazima wenye afya ndio watakaoondoka kwanza. Kumbe ndio wa mwisho. Nikaanza kuuliza kwenye kila mtaa: mvua ikija, nani analinda vitu? Mtaa wenye sungusungu wanaoaminika, watu wanaondoka mapema. Mtaa usio nao, wanapanda juu ya bati. Ukitaka kupunguza vifo hapo, pengine dawa ni stoo moja yenye kufuli na mtu anayeaminika kushika ufunguo, kabla ya king'ora chochote.

Tulipomaliza tukaitisha mkutano wa mtaa kurudisha matokeo. Nilikuwa nimevaa shati la mikono mirefu. Nikasimama nikaeleza kwamba mstari mwekundu kwenye ramani ni mafuriko ya mara moja katika miaka 100. Mzee mmoja nyuma akanyoosha mkono. "2011 mpaka leo miaka sita. Kwa hiyo bado 94. Wajukuu watajua wenyewe." Watu wakacheka, na mimi nikacheka, lakini nikaona wengine wanatikisa vichwa kwa dhati, wametulizwa.

Mafuriko ya namna hiyo hayana zamu. Maana yake ni kwamba kila mwaka, bila kujali mwaka jana ilikuwaje, kuna nafasi moja katika mia. Kwa anayekaa pale miaka 30 nafasi ya kuyaona angalau mara moja ni kama 26 kwa 100, robo na ushei. Nilijaribu kuyasema haya, nikaona nyuso zinalala. Mjumbe ndiye aliyeniokoa. Alituma mtoto dukani kwa Mangi akaleta vizibo kumi vya soda, kimoja wakakipaka rangi nyekundu ya kucha, vyote vikatiwa kwenye kofia. Hayo ni mafuriko madogo, ya mara moja katika miaka kumi, yale ya kuingia ndani mpaka magotini. Chomoa, tazama, rudisha, tikisa. Kila mchomo ni mwaka. Mchomo wa tatu, nyekundu. Watu wakaguna. Nne, tano, sita, salama. Wa saba nyekundu, wa nane nyekundu tena. "Haiwezekani," akasema yule mzee wa "bado 94", akainuka kuja kuangalia kama hatukufanya mazingaombwe. Nikamwambia chomoa wewe. Ukicheza michomo kumi, nafasi ya kutokiona chekundu hata mara moja ni kama 35 tu kwa 100.

Nilichotamani kuongeza, nikaona muda umekwenda, ni kwamba kofia yenyewe haitulii. Dar ilikuwa na watu 4,364,541 kwenye sensa ya 2012. Ile ya 2022 ilikuja kukuta 5,383,728. Kila bati jipya na kila ua uliomwagwa zege huko juu ni udongo uliokuwa unakunywa maji na sasa hauwezi tena, unayatuma bondeni yote, tena haraka. Mtu anaongeza vizibo vyekundu kwenye kofia wakati sisi bado tunahesabu kwa ile kofia ya zamani. Ramani ya hatari ina tarehe ya kuchacha kama maziwa, na nyingi nilizozikuta maofisini zilishachacha siku nyingi.

Nilimaliza chuo, nikaendelea na kazi hizi, leo kwa mwaka mmoja huku, kesho miezi sita kule. Nimejifunza kutazama saa kama ninavyotazama mto. Tope lilishuka Mlima Hanang na kuingia Katesh Desemba 3, 2023, alfajiri ya Jumapili. Mai Mahiu kule Kenya, Aprili 29, 2024, maji yaliyokuwa yamezuiwa kwenye tuta la reli yalipasua usiku watu wamelala. Mahali ni pale pale. Kama yangekuja saa nane mchana ungehesabu vifo vingine. Siku hizi nachora ramani mbili, ya usiku na ya mchana, na mteja akiniambia bajeti inatosha moja namchorea ya usiku. Tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa nazo nazisoma tofauti. Ikitoka Angalizo au Tahadhari kwa mkoa mzima, mimi nampigia kwanza mjumbe, nimuulize Pugu vipi, halafu nafungua jedwali la bamvua.

Bibi tuliendelea kusalimiana kwa simu. Alihamia Chanika kwa mwanawe, akabaki na vyumba vya kupangisha. Mwaka 2024 nyumba ikavunjwa. Mradi wa Bonde la Msimbazi, wa mkopo wa Benki ya Dunia, ulikuwa umefikia kuwaondoa watu bondeni ili mto upewe nafasi yake, na wenye nyumba walikuwa wameshafanyiwa tathmini ya fidia. Nilikwenda Jumamosi moja na futi kamba mfukoni, sijui hata kwa nini. Ukuta haukuwepo, lakini msingi ulikuwa umebaki umekatwa ubavuni kama keki. Zege, kifusi, zege, mchanga, zege. Sakafu tatu. Nikapima: kati ya ya juu na ya katikati, sentimita 38, ile ile tofauti ya 150 na 112. Kati ya ya katikati na ya chini kabisa, 15, kozi moja ya tofali ya inchi sita. Juu ya ile ya chini kulikuwa na kipande cha zulia la plastiki la maua, jekundu bado, limebanwa na zege la 1998. Nikalivuta, halikutoka.

Fidia ilimwendea mwenye nyumba, kama inavyokuwa. Wapangaji walipewa muda wa kuondoka. Nilikuwa na namba ya yule kijana wa bodaboda wa chumba cha tatu, nikampigia nikiwa nimesimama pale pale kwenye kifusi. Alifurahi kunisikia. Kaoa, ana mtoto. Kapata chumba upande wa Kinyerezi, kikubwa, nafuu, kimepakwa rangi juzi tu.

Nikamuuliza kuko vipi.

"Kuzuri, kaka. Kuna kamto hapa nyuma, ila wenyeji wanasema hakajai."

"Wenyeji gani?"

Akanyamaza kidogo. Nikasikia pikipiki zinapita.

"Mwenye nyumba," akasema.